Siku moja ya mpiga kinanda, Mwanza

Saa 10:45 alfajiri alamu, nakunywa chai ya rangi nimesimama, bajaji mpaka parokiani, saa 12 misa ya kwanza. Kinanda chetu ni cha dijitali, na kila siku naanza na stopu (kitufe cha kuchagua sauti) ileile ya filimbi, mkono unaenda wenyewe. Ndiyo sauti iliyofanana na kile kinanda cha kusukuma upepo kwa miguu nilichojifunzia Ukerewe, ukisimamisha miguu na wimbo umekata.

Saa 3 kibandani Makoroboi. Imeletwa kibodi, do ya kati haiimbi. Nafungua, chini ya funguo raba za kontakti zimejaa vumbi na mende mmoja kakauka kabisa. Spiriti, pamba, do imerudi. Mwenyewe, mwalimu wa kwaya, ananiambia "kaka, vinanda vya mabomba ya hewa ni ushamba, jua likiwaka mabomba yanapanda sauti". Hapo kasema kweli, hewa ikipata joto bomba linapanda, kibodi inabaki palepale. Ila hajawahi kukalia kinanda cha mabomba. Mimi nimekikalia mara moja tu, Nairobi, nikakanyaga pedali ya chini kabisa, bomba la futi 16 yaani karibu mita 5, benchi likatetemeka matakoni kabla sikio halijaelewa kitu. Tangu siku hiyo kila spika ya besi naidai ile tetemeko na hainipi.

Saa 8 ugali na dagaa kwa mama ntilie.

Saa 10 mwanafunzi wangu, binti aliyekulia kwenye kibodi za bendi. Anagonga funguo kwa nguvu akitaka sauti kubwa, haiji, akiinua kidole wimbo unakatika. "Mwalimu, hiki kinanda hakinisikilizi." Nikacheka. Nikamwonyesha kubadilisha kidole juu ya nota bila kuiachia, cha nne kinaondoka cha tano kimeshakalia, tukarudia mistari miwili saa nzima.

Saa 12:30 mazoezi ya kwaya, katikati ya wimbo umeme ukakatika. Wakaendelea kuimba gizani, vizuri kweli, nami nimekaa kama abiria, nikakikumbuka cha Ukerewe. Umeme ukarudi, kinanda kikajiwasha taratibu, nagusa, lahaula, wameshuka nusu toni! Besi wanawalaumu soprano, soprano wanawalaumu besi. Nikabonyeza kitufe cha kushusha nusu toni tukaendelea. Kale ka kitufe, kinanda cha mabomba cha Nairobi hakina.