Siku moja maishani mwangu: kiroba cha zamiokulkasi kutoka Rutamba

Saa 11:30 alfajiri. Miche ikimwagiliwa kabla jua halijapanda maji yanakaa, kwa hiyo saa hizi huwa niko kitaluni tayari. Ni mwisho wa Novemba. Mvua ya kwanza imenyesha juzi usiku, na Lindi nzima inazungumzia korosho na mnada. Mimi niko na viriba vyangu: miembe, michungwa, milimao, na chini ya kivuli safu moja ya zamiokulkasi, ua la kupamba nyumba ambalo wateja huliita ZZ. Safu hiyo naipita bila kuimwagilia. Mmea huu una ghala lake la maji kwenye viazi na kwenye vikonyo vinene; ukiunywesha kila siku unaoza kuanzia chini. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza miche 20 kwa sababu hiyo.

Saa 1:30 asubuhi. Kijana ameingia na kiroba begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umebeba nini?"

Akamwaga chini. Zamiokulkasi zilizong'olewa porini, nyingine zimekatwa mizizi kwa jembe, majani yamevunjika. Nikamwambia sinunui mmea uliong'olewa msituni. Kila zamiokulkasi niliyo nayo nimeizalisha mwenyewe, kwa jani. Hakubisha wala hakuondoka. Akakaa kwenye ndoo, akasema kwa upole: "Mama, mjomba amefyeka pale, anataka kupanda ufuta. Wiki hii anachoma. Ningeziacha zingeungua."

Hapo sikuwa na jibu. Nikamwomba jirani aniangalizie kitalu, tukatafuta bodaboda ya kwenda huko kwa mjomba.

Saa 3 asubuhi. Kutoka mjini hadi Rutamba ni kama kilomita 40. Njiani nilikuwa nafikiria safari ya mmea huu. Wazungu waliuandika kwenye vitabu vyao mwaka 1829, wakidhani ni aina ya Caladium, mmea mwingine wa ukoo wa magimbi. Mwaka 1856 mtaalamu wa mimea aitwaye Schott akaupa jenasi yake, yaani kundi lake lenyewe, Zamioculcas, na hadi leo jenasi hiyo ina spishi moja tu, Zamioculcas zamiifolia. Nusu ya jina ni Zamia, mmea mwingine, kwa vile majani yanafanana. Nusu ya pili ni qulqas, neno la Kiarabu la gimbi. Nalipenda jina hilo kwa sababu linasema kweli: huu ni ukoo wa magimbi, na utomvu wake unawasha kama gimbi bichi. Uholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi mwaka 1996, ndipo ukaenea kwenye kona za benki na mahoteli duniani kote. Lakini kwao ni huku, upande wa mashariki wa Afrika, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Inaniuma kuona watu wa hapa wanauita ua la kizungu.

Saa 5. Shamba lenyewe liko nje ya mpaka wa msitu wa hifadhi wa Litipo. Upande mmoja umefyekwa, miti imelala inakauka. Upande wa pili kuna mteremko wa mawe wenye vichaka na miti mirefu kidogo, na ndani yake joto linapungua ghafla. Nikapiga magoti. Zamiokulkasi zilikuwa zimejibana kati ya jiwe na jiwe, mahali penye udongo wa kiganja kimoja. Kiangazi hapa ni kirefu, karibu nusu mwaka, na mmea huu umekizoea: hudondosha vijani vyake, yaani vile vijijani vidogo vya kwenye kikonyo, ukabaki na kikonyo na kiazi. Maji yakipungua huvuta hewa zaidi usiku, jua likishazama, ili usikauke.

Nikafukua majani makavu kwa kidole. Kijani kimoja kilichodondoka kilikuwa kimeshaoza nusu, rangi ya chai, lakini pale kiliposhikamana na mama yake palikuwa na kiazi cheupe kama punje ya hindi, na uzi mmoja wa mzizi. Nilimwonyesha kijana. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata kung'oa hakuna haja?"

Hatua chache mbele nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kitaluni kwa mtu yeyote hapa: Gonatopus, ndugu wa karibu wa zamiokulkasi. Jani lilikuwa moja tu, limetoka ardhini na mvua ya juzi, na katikati ya kikonyo kuna uvimbe, kiungo kabisa. Jina lake la Kigiriki maana yake ni mguu wenye goti. Ukilipapasa unalisikia. Kiangazi chote huwa hakionekani kitu juu ya ardhi. Anayefyeka mwezi wa tisa hawezi kujua amekanyaga nini.

Saa 7 mchana. Mjomba alitukaribisha ugali na kisamvu. Sikumpa hotuba. Ufuta ndio ada za shule, nalijua hilo. Nilimwomba kitu kimoja: moto usivuke ule mteremko wa mawe.

"Pale jembe halipiti hata hivyo," akasema. "Nilitaka kuchoma tu paonekane pasafi."

"Naomba pabaki pachafu, mzee."

Akacheka, akakubali. Kabla ya kuwasha atafyeka njia ya moto, na kijana atamsaidia.

Saa 9. Tulirudisha viazi vya kwenye kiroba kimoja kimoja kati ya mawe, tukavifunika na majani yaliyooza. Vilivyokatwa vibaya sana ni 4. Hivyo nimevibeba nikajaribu kuvitibu nyumbani. Kijana na mimi tumekubaliana: ataniletea vijani vya zamiokulkasi vilivyodondoka vyenyewe, nami nitamlipa kwa kila kimoja. Gonatopus haiguswi.

Saa 12 jioni. Nimefika kitaluni, nimenawa mikono mara mbili maana inawasha. Vijani 11 nimevichomeka kwenye mchanga, kivulini. Chipukizi la kwanza huenda likachukua mwaka mzima.

Saa 2 usiku. Simu imelia. Ni kijana: "Mama, huku Rutamba inanyesha."