Mwiba wa hezi 25

Umeme ulikatika kabla ya saa nne asubuhi, upepo wa ziwani ukiwa umeshaanza kupiga madirisha. Leza haikuzimika kwa sababu ilikuwa kwenye betri ya akiba. Kwenye kibano cha mwanga, yaani mtego wa leza unaoshika vitu vidogo mno, tulikuwa na chembe moja ya polistaireni (plastiki), kipenyo mikromita 1, imeelea ndani ya maji mikromita 5 juu ya kioo. Kimo hicho kina sababu yake: chembe ikishuka karibu zaidi na kioo, maji huizuia kusogea na hesabu yote huharibika.

Tulikuwa tunapima ukakamavu wa mtego, yaani nguvu inayoirudisha chembe katikati kwa kila nanomita inayosogea. Springi ya kibano cha mwanga haionekani. Ni mwanga wenyewe uliokusanywa na lenzi. Ili kuipima, unaiacha chembe itetemeke kwa joto la maji, kisha unachukua 4.1 (nishati ya joto kwa nyuzi 25, kwa pikonyutoni mara nanomita; pikonyutoni ni kipimo cha nguvu ndogo mno) na kugawa kwa wastani wa mraba wa mitetemo hiyo. Siku zote tulipata pikonyutoni 0.05 kwa kila nanomita. Jenereta ilipowashwa tukapata 0.03.

Namba 0.03 inaonekana ya kuaminika kabisa, na hapo ndipo penye hatari. Anayetegemea njia hiyo peke yake angeiandika daftarini na kuendelea na kazi. Kilichotuokoa ni njia ya pili: kurekodi mitetemo mara 20,000 kwa sekunde, kuipanga kwa masafa, na kutafuta kona, yaani mahali ambapo mstari wa grafu unaanza kushuka. Kwa chembe ile, kona ikiwa karibu na hezi 950 (mara 950 kwa sekunde), ukakamavu ni 0.05. Kona haikuwa imehama hata kidogo. Ila upande wa kushoto wa grafu ulisimama mwiba mmoja mwembamba kama wa sato, kwenye hezi 25.

Jenereta ya mizunguko 1,500 kwa dakika huzunguka mara 25 kwa sekunde. Nikatoka nje kwa mzee wa jenereta.

"Shikamoo babu. Naomba uizime dakika mbili tu."

"Marahaba. Na friji zenu je?"

"Zitavumilia, babu."

Mwiba ukatoweka. Jenereta ilikuwa imefungwa kwenye zege lile lile la sakafu yetu, na chini ya zege ni mwamba mtupu, kama vilima vingi vya Mwanza. Mwamba haumezi mtikisiko, unaupitisha.

Dawa ilikuwa bamba la jiwe la kilo 60, likawekwa juu ya tyubu nne za bodaboda, na hadubini juu yake. Tyubu zijazwe upepo kidogo tu. Mara ya kwanza tulizijaza zikakakamaa, na mwiba ukarudi vile vile. Tulipozilegeza, bamba likibonyezwa na kuachiwa lilicheza kama mara nne kwa sekunde, chini sana ya 25, na ndivyo inavyotakiwa.

Wiki iliyofuata tukaingia kwenye kitunguu cha sokoni: ile ngozi nyembamba ya upande wa ndani wa gamba, ikatandazwa bila mkunjo. Wanafizikia Ashkin na Dziedzic walishaonyesha mwaka 1989 kwamba leza ya infraredi inaweza kuvuta vitu ndani ya seli hai za mimea. Kupima ndiko kugumu. Punje ya mafuta ndani ya seli hupinda mwanga kidogo kuliko polistaireni, kwa hiyo mtego huishika kwa ulegevu. Isitoshe, haitetemeki kwa joto peke yake. Miosini, protini inayokokota vitu ndani ya seli, nayo inaivuta, hivyo ile 4.1 haitoshi. Tulilitikisa jukwaa la hadubini wenyewe, kwa hezi mia kadhaa ambako mchango wa miosini ni mdogo, tukalinganisha jinsi punje ilivyoitikia na ilivyotetemeka yenyewe. Tukapata 0.02.

Punje ikakokotwa hadi nanomita 70 kutoka katikati ya mtego, ikasita kama sekunde moja, ikachomoka na kwenda zake. Pikonyutoni 1.4. Kwa ukakamavu wa chembe ya plastiki tungeandika 3.5. Nje, jenereta ilikuwa ikinguruma muda wote.