Punje Kumi na Nne za Shangazi

Juzi jioni, nilipokuwa nikifunga duka, binti yangu wa mwisho aliniona nikitoa soda kwenye friji na kisha kutia shilingi 700 kwenye droo ya mauzo. Akaniuliza, "Mama, mbona unalipa, na duka ni lako?" Nilimjibu kwamba soda ni ya duka na kiu ni yangu. Hakuridhika, nami nilipokuwa nikihesabu mauzo nilijikuta nimerudi Ngamiani, Tanga, kwenye ua wa nyumba ya shangazi, mwaka 1998, mvua za El Nino zilipokuwa zimelowesha kila kitu, mkaa ukiwa wa kwanza.

Shangazi alikuwa akipika vitumbua. Mchele aliuloweka jioni, akaupeleka kusagwa, akauchanganya na tui la nazi, hamira, sukari na hiliki, na saa kumi alfajiri unga ulikuwa umeumuka ukisubiri chuma kipate moto. Kabla ya shule mimi nilibeba sinia lililofunikwa kwa kawa, nikapita mtaa kwa mtaa, viwili kwa shilingi 50.

Siku hiyo nilikutana na rafiki zangu bombani. Niliwapa vitumbua vinne, na mimi nikala viwili, kwa kuwa sinia lilikuwa na 80 na sikuona kwamba sita vingeonekana. Niliporudi nilimkabidhi shangazi fedha zake na kukimbilia shule.

Usiku, baada ya kula, aliniita. "Abee, shangazi," nikaitika. Alikuwa ameketi mkekani, chemli pembeni, mbele yake pana ungo mtupu na bakuli la kunde. Watu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Shangazi hakujua kusoma wala kuandika, na daftari lake lilikuwa ule ungo. Sikuwa nimewahi kumwona akiutumia, maana kazi hiyo aliifanya tukiwa tumelala.

"Hesabu themanini," aliniambia. Nikahesabu punje 80 na kuziweka kati ya ungo. Kisha akaanza kuzigawa kwa kidole chake cha shahada, taratibu, akilitaja kila fungu kama mtu anayetaja majina ya wageni aliowaalika. Punje 28 akazisukuma ukingoni: hizo za muuza mchele. Punje 9 za nazi tatu. Kumi za sukari, 8 za mafuta, 3 za hiliki na hamira, 2 za mashine ya kusaga. Alipofika kwenye mkaa alisita, akaweka 4, akatazama juu ya paa ambako mvua ilikuwa ikipiga, akaongeza 2. "Kabla ya mvua hizi zilikuwa nne," alisema.

Katikati ya ungo zikabaki punje 14. Nilizitazama, na ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu niliona anakoelekea kabla hajafika. "Zile zote za pembeni si zetu, mwanangu," alisema. "Tumezibebea wenyewe tu. Zetu ni hizi." Kisha, bila kuniuliza lolote kuhusu bombani, akaokota punje 6 miongoni mwa zile 14, moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye bakuli. Hakugusa fungu la mchele wala la nazi. Nane zilizobaki zilionekana chache mno katika ungo mpana kiasi kile, na mpaka leo nikifumba macho naziona, zimekaa karibu karibu, mwanga wa chemli ukizipa vivuli virefu.

Hakunipiga wala hakunigombeza. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa sarafu tatu za shilingi 50, zile zenye faru, akazitia kwenye kopo la biashara. Nililia, naye akaniambia nikalale, kesho kuna sinia.

Baadaye niligundua kwamba hata kitumbua alichompa mtoto wa jirani asiye na fedha alikilipia kutoka kwenye pindo lile lile. Aliyetoa ni yeye, biashara haikutoa kitu. Nilikua, nikaolewa, nikahamia Morogoro, nikafungua duka kwa mtaji mdogo, na sijawahi kupata somo la biashara lililonifaa kuliko lile. Wengi niliowaona wakifunga maduka hawakuwa wavivu wala hawakukosa wateja. Walikuwa wakila punje za ukingoni wakidhani wanakula za katikati, kwa kuwa droo ikijaa macho hayatofautishi.

Hayo yote nilimsimulia binti yangu jana, kwenye kaunta, kwa kunde za gunia la dukani. Alihesabu vizuri, akayapanga mafungu yote, kisha akauliza, "Na la Bibi liko wapi?" Nikamwonyesha zile 14. Akasema, "Hiyo si faida? Mimi nauliza la kuamka saa kumi."

Sikuwa na jibu. Shangazi alimkumbuka mwenye mashine kwa punje mbili, lakini mikono yake mwenyewe, iliyoungua mafuta mpaka kwenye viwiko, haikuwahi kupata fungu katika ungo ule. Labda aliona zile 14 ndizo ujira wake na faida kwa pamoja. Labda alijua kwamba akilitenga fungu lile vitumbua havitalipa, na watu nyumbani walikuwa wengi. Sikuwahi kumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Kunde bado ziko kwenye sahani kando ya mzani. Nimetenga fungu la pango, la umeme, la leseni, la kijana anayenisaidia kupakua mizigo. Fungu langu nimeliweka na kuliondoa mara mbili tangu asubuhi, kwa sababu kila nikiliweka, katikati ya sahani zinabaki punje mbili.