Wewe na ukimya wapi na wapi?

Ami yangu alikuwa karani wa kupimia karafuu Wete. Nilipomwambia nataka kusoma uhasibu alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, ile kazi ya watu wakimya. Wewe na ukimya wapi na wapi?"

Chuoni nikaliona neno lake limeandikwa. Kipimo cha haiba cha Myers-Briggs, kilichojengwa juu ya mawazo ya Carl Jung, humpa mtu herufi nne, na wahasibu wengi huangukia ISTJ: mkimya, mtu wa ushahidi, wa hoja, wa mpangilio. Herufi yangu ya kwanza ilikuwa E, ya mtu mchangamfu, mahali pa I ya mkimya. Nilinyong'onyea wiki nzima.

Nikaajiriwa hoteli moja ya pwani ya mashariki, Unguja. Mwezi wa kwanza urari, ile orodha ya hesabu ambayo jumla ya debiti na ya krediti lazima zilingane, ukakataa kukaa sawa: pande mbili zimepishana kwa shilingi 63,000. Mwenzangu, kijana anayeweza kushinda kutwa asiseme zaidi ya salamu, akagawa kwa 9. Ikatoka 7,000 kamili. "Tarakimu mbili jirani zikigeuzwa nafasi, tofauti hugawika kwa tisa. Basi huenda kuna zilizogeuzwa," akasema, "na zinapishana kwa saba." Nane toa moja ni saba, saba mara tisa, sitini na tatu. Akapitisha kidole kwenye daftari la fedha: pweza, 81,000. Kwenye leja: 18,000. Dakika kumi tu! Nilimheshimu siku ile na namheshimu mpaka leo.

Lakini pweza huyo huyo alimshinda. Kila wiki kilo tulizolipia zilizidi zilizoingia stoo, na meneja alishaanza kumtaja mama aliyekuwa akituletea kuwa ni mwizi. Makaratasi yote yalikuwa sawa. Mie nikaenda jikoni, nikakaa na mpishi huku anamenya vitunguu, tukazungumza ya harusi na ya bamvua, mwisho nikamuuliza pweza hupimwa lini. Kumbe yule mama akipimiwa uani, pweza mzima, anatiririka maji. Stoo humpima akishatolewa matumbo. Kilo 20 zinakuwa 17, na hakuna aliyeiba hata kipande kimoja. Mama wa watu angepoteza riziki yake kwa mstari uliokosekana kwenye fomu, wa kusema pweza kapimwa mzima au kashatolewa matumbo.

Sasa ninaposaili vijana siwaulizi herufi zao. Nawapa urari uliopishana kwa 63,000, halafu nawapeleka stoo. Mwezi uliopita mmoja alikamata kikokotoo papo hapo. Mwengine akauliza, "Bi, nani aliyeandika hii? Naweza kuzungumza naye?"

Nimewachukua wote wawili, na meza zao nimezipanga pamoja.