Ndoo ya kukanyaga

Korona ilipotangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, sisi wa Goma tulikuwa bado na ndoo za Ebola mlangoni. Kunawa maji ya klorini, kupimwa joto usoni, kusalimiana kwa viwiko: hayo tulishayazoea. Nilikuwa mlezi katika kituo cha vijana wenye ulemavu, nikajiambia hii kazi tunaijua. Nilijidanganya.

Wafadhili walituletea chombo kipya cha kunawia, cha chuma, kinang'aa. Unakanyaga pedali hii maji yanatoka, unakanyaga ile sabuni inatoka, mkono haugusi kitu. Kijana mmoja akasukuma kiti chake cha magurudumu hadi pale, akakitazama, akaniuliza, "Yaya, nikanyage na nini?" Wenzake walicheka sana. Mimi nilitamani kujificha.

Tukaita fundi wa kuchomelea. Akakata miguu ya chombo, akang'oa pedali, akaweka koki yenye mkono mrefu unaosukumwa kwa kiwiko. Kimo tuliwapimia wenyewe wakiwa vitini, maana magoti yasipoingia chini ya beseni, mtu anabaki kunyoosha vidole tu na maji yanamwagikia mapajani.

Bado hatukuwa tumemaliza. Mtu ananawa vizuri, anashika ringi za magurudumu ya kiti, anasukuma mara mbili, viganja vimerudi kwenye lile vumbi letu jeusi la volkano. Basi tukageuza utaratibu: ringi na magongo kwanza, mikono baadaye. Vyuma tulivipangusa kwa klorini ya asilimia 0.5; ya mikono ni 0.05, yaani dhaifu mara kumi. Siku moja nilichanganya bidoni, yaani madumu ya klorini, nikanawa ile kali, ngozi ikanibabuka wiki nzima. Tangu hapo bidoni kali ikafungwa kamba shingoni, ili hata asiyeona aijue kwa kuipapasa.

Kashene, kama tunavyoita barakoa, ilimfungia mlango dada mmoja kiziwi anayesoma midomo. Tulishona kidirisha cha plastiki mbele ya mdomo. Kikajaa mvuke. Yeye mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba ukikisugua kwa sabuni kavu na kukifuta, kinakaa wazi kwa muda.

Lililonishinda ni umbali. Unayemlisha kwa kijiko utakaaje naye mita moja? Tuliishia kugawana: kila mlezi na watu wake wanne, walewale, asiingie chumba cha mwenzake. Wageni tukawazuia kabisa. Hapo, kwa maoni yangu, tulikosea. Kulikuwa na kijana asiyesema, ambaye mama yake alimletea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kila Jumapili. Jumapili ya tatu bila mama, akakaza meno. Uji ukapoa mkononi mwangu, siku hiyo na kesho yake.

Nikampigia mama simu. Tulimweka kwenye benchi nje ya ukuta wa mawe, mahali ulipobomoka kidogo, upepo wa ziwa ukipita. Akaita jina, kijana hakugeuka. Kashene ilikuwa imemficha mama uso. Mama akagonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, mara tatu, kama afanyavyo nyumbani.

Kijana akageuza shingo. Sambaza wale alikula wote, na vichwa vyao.