Siku Moja Maishani Mwangu: Niliacha Maabara, Saratani Haikuniacha

Saa 11:30 alfajiri. Kabla sijanawa uso nasoma joto la majokofu. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kinyume na wanavyodhani wengi, tunachokiogopa zaidi ni kuganda. Ina aluminiamu ndani yake. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Jana jioni jokofu moja lilishuka chini ya sifuri. Mtunza ghala ameandika: "Dokta, nimezuia shehena yote. Kichupa cha kulinganishia nimekigandisha tangu usiku." Huyu mtu angeongezwa mshahara leo leo.

Saa 2:00 asubuhi. Kikao cha takwimu. Eneo moja limechanja zaidi ya asilimia 100 ya wasichana waliolengwa, na tayari kuna aliyeandaa barua ya pongezi. Nauliza hao walengwa walihesabiwa lini. Kumbe ni makadirio ya sensa ya zamani, na tangu hapo familia nyingi zimehamia. Isitoshe, chanjo tuliitolea shuleni. Binti asiyesoma yuko wapi kwenye jedwali hili? Kimya. Barua inasubiri.

Saa 5:00. Ghalani. Vichupa viwili vya toleo moja: kimoja kiligandishwa makusudi kikayeyuka, kingine kimetoka kwenye jokofu lenye hitilafu. Mtunza ghala anavishika pamoja kwa mkono mmoja, anavitikisa, anaviweka mezani. Tunainama kuvitazama. Kile kilichoganda kinaanza kujitenga: machicha yanashuka chini, maji maangavu yanabaki juu. Cha jokofuni bado ukungu wake umeenea sawasawa. Shehena imepona. Nimewahi kutumia mashine za bei ya kutisha, lakini sijaona kipimo kinachoniridhisha kama hiki.

Miaka yangu ya maabara niliimaliza kwenye protini moja, E6, ambayo kirusi hiki huitumia kuivunja p53, mlinzi wa seli zetu dhidi ya saratani. Harald zur Hausen na wenzake walitenga HPV 16 mwaka 1983 na HPV 18 mwaka uliofuata. Aina hizo mbili ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo ilianza kuidhinishwa mwaka 2006. Niliondoka maabara nilipoona kwamba swali la kwa nini limejibiwa vya kutosha, na wanawake bado wanakufa.

Saa 8:00 mchana. Bajeti. Tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja badala ya mbili kwa wasichana, kwa hiyo mhasibu anataka kukata fungu letu. Nakataa. Chanjo haiondoi maambukizi ambayo mama amekwisha kuyapata. Lengo la shirika hilo la mwaka 2030 lina sehemu tatu: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wenye tatizo watibiwe. Tunaipenda ile ya kwanza kwa sababu ina picha nzuri. Fedha ya dozi ya pili iende kwenye upimaji. Tumeachana bila mwafaka; kesho tena.

Saa 10:00 jioni. Mtafiti kijana analeta pendekezo lake: wanawake wajichukulie sampuli wenyewe, kisha ipimwe DNA ya kirusi.

"Profesa, hukumbuki maabara?"

"Kila siku. Mama akikutwa na kirusi, nani anamtafuta?"

Anafungua ukurasa wa saba, anarudi wa tatu. Hakuna. Nimemwagiza kesho akakae na muuguzi wa zamu kwenye daftari la rufaa, ahesabu wangapi waliitwa na wangapi walifika. Sahihi yangu ataipata akirudi na hesabu hiyo.