Feni ya mama na balbu ya wati 60

Kaskazi ilitukuta feni ya ukumbini imegoma. Ukiwasha inanguruma tu huko juu kwenye boriti, mapanga hayaendi. Mama akajipatia dawa: anachukua mpini wa ufagio, anasukuma panga moja, feni inaondoka. Ila ilikuwa ikienda upande wowote iliosukumwa. Siku akikosea, upepo unapanda kuburudisha dari, sisi chini twatoka jasho.

Mtu yeyote hapa Mkomani, Lamu, atakwambia hiyo ni kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuondoka, na ndivyo ilivyokuwa. Nilikwenda dukani nikapewa ya maikrofaradi 4, ndicho kipimo cha ukubwa wake, na ile kuukuu imeandikwa 2.5. Muuzaji akaniambia kubwa ndiyo nzuri, haifi upesi. Nikakubali, maana cha shuleni nilichokumbuka ni kwamba kapasita huweka umeme, na nani hataki akiba kubwa? Feni ilizunguka kweli. Saa moja baadaye harufu ya kuungua ikaanza kushuka, na nilipogusa gamba la mota nikaondoa mkono mbio.

Nikaishusha nikampelekea fundi mmoja wa Langoni, mzee ambaye sote twamwita ami.

"Mwanangu, wewe umeifanya pipa la maji," akasema. "Ngoja."

Akaunga kapasita na balbu ndogo kwenye betri ya sola ya volti 12. Giza. Kisha akatoa balbu ya zamani ya wati 60, ile ya uzi, akaiunga na kapasita yake nzima ya 2.5 kwa mfululizo, akachomeka kwenye soketi. Balbu ikawaka, hafifu, rangi ya chungwa. Ndani ya kapasita mna utando wa plastiki kati ya pande mbili za chuma, umeme hauvuki. Sasa balbu yawashwa na nini?

Ami akanipa mita nipime mwenyewe. Kwenye balbu, volti 110. Kwenye kapasita, 213. Nikajumlisha: 323. Nikapima soketi: 240. Nikarudia mara tatu nikidhani mita imeharibika, naye anakunywa kahawa yake ananitazama tu.

"Hazifiki kileleni pamoja," akasema. "Huwezi kuzijumlisha hivyo."

Hapo ndipo neno lenyewe likanisaidia, kwa sababu sisi twaita mkondo, wa umeme na wa bahari. Nimekulia kwenye mashua. Najua mdomo wa mkono wa bahari, kule kwenye mikoko: maji yakijaa kabisa, mkondo husimama, waweza kuacha kasia. Mkondo mkali huja kati na kati, maji yakiwa bado yanapanda kwa kasi. Kwa hiyo ukitazama saa, mkondo hufika kilele chake kwanza, kina hufuata baadaye. Kapasita ni huo mkono wa bahari. Volti ndiyo kina. Umeme wa hapa kwetu hujaa na kupwa mara 50 kwa sekunde, na mkondo wa kwenye kapasita huitangulia volti kwa robo ya mzunguko, milisekunde 5. Maji yanayoingia ni yale yale yanayotoka, na hayo ya kwenda na kurudi ndiyo yaliyowasha balbu. Betri ni bahari isiyopwa. Mkono ukishajaa mara moja, basi.

Nikachukua kalamu. 110 mara 110, ongeza 213 mara 213, tafuta kipeuo: 240 kasoro kidogo. Ile pembetatu ya hesabu za shule, niliyoapa kwamba sitaihitaji maishani.

Na ndiyo sababu kubwa si nzuri. Mkono mpana hupitisha maji mengi zaidi kwa bamvua ile ile. Kapasita ya 2.5 kwa mizunguko 50 huzuia kama omu 1,273, hivyo ikipewa volti 240 peke yake hupitisha ampea 0.19. Ya 4 huzuia omu 796 tu, mkondo unafika ampea 0.30. Koili iliyo nyuma yake haikutengenezwa kwa moto huo.

Mota ya feni ina koili za aina mbili. Moja hupata umeme moja kwa moja, nyingine kupitia kapasita, kwa hiyo mkondo wake huwa mbele kidogo. Sumaku inaanzia hapa, inahamia pale, mapanga yanaifuata. Kapasita ikifa, sumaku inabaki kwenda na kurudi mahali pamoja, haina upande, na upande unaamuliwa na ufagio wa mama. Ile yetu kuukuu haikuwa imekufa kabisa. Kwenye mita ilisoma 1.4. Utando wake hutoboka vitobo vidogo, chuma kando ya kila kitobo huungua na kujitenga, na kapasita hupungua kidogo kidogo bila kuonyesha dalili kwa nje.

Nilinyoosha mkono kuichomoa ile ya jaribio, ami akanipiga kiganja. Plagi tulikuwa tumeitoa, lakini kapasita ilikuwa imeachwa katikati ya kujaa. Kilele cha volti 240 ni karibu 339. Akaigusisha nyaya za balbu kwanza, ndipo akanipa. Akanikataza pia kununua iliyoandikwa volti 250. Nikatafuta ya 2.5, volti 450.

Jioni nikaifunga. Mama alikuwa chini yake anashona kofia, sasa uzi unampepea usoni.

"Punguza," akaniambia, "au nirudishie feni yangu ya zamani."